Fimbo ya Tangi la Kwanza

Siku niliyoagwa kazini nilipewa kitenge, saa ya ukutani na mbuzi. Kitenge nimeshakivaa, saa imeshasimama, na mbuzi yuko nyuma ya nyumba anatafuna mihogo ya jirani. Vijana wa ofisi mliongeza ombi moja: niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi, maana wengi wenu mmekuta ushirika wetu wa kahawa una ukurasa mtandaoni, una wanunuzi wanaopiga simu ya video, na una grupu la wanachama linalolia mfukoni kutwa nzima. Mnadhani mambo yalianza hivyo. Sasa nina muda na nina daftari. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilibandikwa mlangoni kila mtu akavisoma, na mishahara haikuwahi kuwa habari ndefu.

Mimi ni Salome, mtu wa Liuli, mtoto wa Ziwa Nyasa. Nilipanda Mbinga nikiwa binti niliyetoka shule, nikaajiriwa karani kwenye kituo chetu cha kumenya kahawa kule mlimani. Siku ya kwanza nilifika na kikapu cha usipa wakavu, zawadi ya mama yangu kwa ofisi. Usipa ni dagaa wa ziwa letu, watamu kupita kiasi, na harufu yao haijifichi. Meneja wakati huo alikuwa Mzee Kinunda, Mmatengo mfupi aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Alinitazama, kisha akakitazama kikapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hao samaki ni wa nani?"

"Ni wa ofisi, mzee. Mama amewaletea."

"Mama ashukuriwe sana. Sasa watoe nje. Kahawa inashika harufu ya kila anayelala nayo chumba kimoja, nami sitaki mtu wa ng'ambo anunue kahawa anywe usipa."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na ndiyo sababu wazee wa kituo waliniita Usipa mpaka nilipozaa, wakaniita Mama Usipa. Usipa wenyewe waliliwa chini ya paa la mashine, na Mzee Kinunda alikula kuliko wote.

Somo la pili lilikuwa fimbo. Wageni wa kituo hudhani kifaa kikubwa pale ni mashine, kwa sababu inapiga kelele. Mashine inamenya tu ganda jekundu. Kahawa iliyomenywa inabaki na utelezi, na utelezi huo hautoki mpaka uilaze kahawa kwenye tangi siku nzima au zaidi, kutegemea baridi. Ukiiosha mapema, utelezi unabaki. Ukichelewa, inachacha, inanuka kama ulanzi, pombe ya mianzi, uliosahauliwa kibuyuni, na hapo hakuna dawa. Unajuaje kwamba imefika? Unachomeka fimbo katikati ya kahawa, unaichomoa. Shimo likijifunika, subiri. Shimo likibaki wazi, ita watu, ioshwe sasa hivi. Fimbo ya Mzee Kinunda ilikuwa mpini wa jembe uliolainishwa na miaka, na hakuruhusu mtu kuutumia kwa kazi nyingine, hata kumfukuza mbwa.

Somo la tatu ndilo ninalotaka mlishike zaidi. Mlangoni pa kituo palikuwa na ubao mweusi wa chaki, na kila asubuhi meneja aliandika mambo ya jana: kahawa iliyopokelewa, tangi lililooshwa, gari litakalokuja. Mwezi wangu wa pili nilifika asubuhi nikakuta ameandika: "Jana nimeharibu tangi la kwanza. Nilikwenda kunywa chai nikakaa mno. Kinunda." Wakulima walikuwa wameanza kufika na magunia vichwani. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikachukua kitambaa nikafuta. Nilidhani namtunzia heshima.

Alirudi kutoka matangini, akauona ubao mtupu, akanipa chaki.

"Andika tena, mwanangu."

"Mzee, watu wanasoma."

"Ndiyo kazi ya ubao. Kahawa ile ni yao. Wakisikia kwangu, watasema Kinunda kazembea. Wakisikia kwa jirani, watasema Kinunda mwizi. Chagua wewe uniite lipi."

Niliandika tena, na jina lake chini. Wakulima walisoma, wakaguna, wawili wakamtania kuhusu chai hadi msimu ukaisha. Hakuna aliyehamisha kahawa yake.

Nitaruka miaka mingi hapa, kwa sababu miaka mingi ya karani hufanana. Mzee Kinunda alistaafu, akarudi shambani kwake kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kulimia ambayo Wamatengo huchimba mlimani kwa ustadi na ambayo mimi wa ziwani nimetumbukia mara nyingi. Fimbo aliniachia mimi. Ubao nao ulibaki mlangoni, lakini simu zikaja, na mimi nikawa mmoja wa waliozishangilia.

Mwanzoni mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye kichuguu nyuma ya choo cha wanaume. Ofisi nzima ya mawasiliano ya ushirika ilikuwa mimi, nimesimama juu ya kichuguu, nikiwaomba radhi waliokuwa wakitoka chooni. Tulifungua ukurasa ili tupate wanunuzi wetu wenyewe, kwa sababu miaka yote kahawa yetu ilikuwa inachanganywa na ya kila mtu na jina letu linapotelea njiani. Kamati ikaona ukurasa ni jambo la heshima, basi ikaweka picha za kamati. Wajumbe saba wamevaa suti, wamesimama mbele ya ukuta, hakuna anayecheka. Wiki iliyofuata, picha nyingine, wajumbe walewale, ukuta mwingine. Waliotazama walikuwa sisi wenyewe na watoto wetu.

Aliyetukomboa alikuwa Bosko, mlinzi wa matangi. Bosko ni mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Siku moja nilimpiga video akichomeka fimbo tangini, nikamwuliza anafanya nini. Akaeleza taratibu kwa maneno yake, akasema shimo likijifunika anairudisha kahawa kulala "kama mtoto aliyeamshwa kabla ya uji." Niliiweka bila kuomba ruhusa ya kamati. Kesho yake kulikuwa na maswali kutoka kwa watu nisiowajua. Maji mnatoa wapi? Kahawa inalala saa ngapi? Yule kaka wa fimbo anaitwa nani?

Kati ya waliouliza alikuwemo Bwana Faraji, mkaangaji wa kahawa wa Dar es Salaam. Babu yake alikuwa na duka la nguo Mbinga mjini zamani, kwa hiyo alijua ukungu wetu kwa kusimuliwa. Alianza na magunia machache, akaja kutuona, akala usipa kwangu, mwishowe akawa anachukua karibu kahawa yote bora ya kituo. Wateja wake walikuwa wanatazama video za Bosko kabla ya kununua. Niliwaambia kamati kwamba mnunuzi hamtafuti mjumbe mwenye suti, anataka kujua nani alishika kahawa yake. Mwenyekiti, Mzee Ndunguru, alinuna siku mbili, kisha akaja kituoni amevaa mabuti ya mpira akaomba naye apigwe video. Ilikuwa nzuri. Ana sauti ya kanisani.

Sasa nifike kwenye grupu. Tulipolianzisha, vijana waliingia na maswali makavu: gari linakuja lini, mbona mashine imesimama. Wazee wakalalamika kwamba wanaulizwa mambo na watoto ambao hawajawasalimia. Nami, karani aliyekuwa amefanywa meneja, mwenye kupenda amani, nikatunga sheria: salamu kwanza, kisha jambo. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kila asubuhi kijana alimpa shikamoo kila mzee kwa jina, kila mzee akajibu marahaba kwa kila kijana, kisha wakaulizana habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Ujumbe kuhusu gari ulikuja saa tatu, ukazikwa kabla ya saa tatu na robo. Mimi mwenyewe sikuweza kujibu wote, basi nikajizoeza kuweka ile alama ya mikono iliyounganishwa, kama ya mtu anayesali, kwenye kila ujumbe. Kidole kilikuwa kinakimbia kama cha mshonaji wa cherehani. Watu walifurahi, wakasema Mama Salome anasoma kila neno.

Mzee Kinunda alifariki katikati ya mavuno. Habari ilifika asubuhi na mapema, nami nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Alikuwa amenifundisha kila kitu ninachojua kinachofaa kufundishwa. Huku kwetu mtu akifa hakuna anayeshika jembe, na kwa mzee kama yule hata mashine ilizimwa. Kituo chote kilishuka kwenda msibani. Grupu lilijaa rambirambi, mia na zaidi, nami kando ya wafiwa, macho yamejaa machozi, nikaweka mikono ya sala kwenye kila moja.

Tulikaa msibani siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kituoni, na kabla sijafika getini pua ikaniambia. Tangi la kwanza lilikuwa limejaa. Kahawa iliyolazwa usiku wa kabla ya msiba ilikuwa bado imelala, na haikuhitaji fimbo. Ilikuwa imechacha kabisa. Na hiyo haikuwa kahawa yoyote tu. Ilikuwa sehemu ya mzigo wa kwanza wa Bwana Faraji msimu ule, mzigo ambao alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba uko njiani.

Kamati ilikutana mchana uleule. Mzee Ndunguru hakuzunguka.

"Mlinzi wa matangi ni nani?"

"Ni mimi, mwenyekiti," Bosko akasema.

"Ulikuwa wapi?"

"Msibani. Marehemu ni mjomba wangu. Nilikuwa kwenye kaburi."

"Hukuona haja ya kumwambia mtu?"

Bosko aliniangalia, kisha akaangalia chini. "Nisameheni, wazee."

Wakaafikiana haraka. Bosko aondoke. Kahawa mbovu ikaushwe, ichanganywe kidogo kidogo na nzuri, debe moja kwa kumi, na mtandaoni lisiandikwe neno. Lile jicho la Bosko lilinikera. Nikatoka nje, nikapanda kile kichuguu cha zamani ingawa mtandao siku hizo ulikuwa unashika kila mahali, nikafungua grupu nikarudi nyuma hadi asubuhi ya msiba. Nilipita rambirambi moja baada ya nyingine. Katikati yake nikakuta: "Shikamoo mama Salome, shikamooni wazee wote, poleni kwa msiba. Tangi la kwanza litakuwa tayari leo usiku. Mimi natakiwa nyumbani kwa mjomba kuchimba kaburi. Naomba ruhusa niende, na mtu mmoja abaki badala yangu. Bosko."

Chini yake palikuwa na alama moja tu. Mikono iliyounganishwa. Yangu.

Alikuwa ameomba ruhusa kwa adabu zote nilizoziamuru mimi, na meneja wake akamjibu kwa baraka. Angefanya nini zaidi? Na mbele ya kamati alikuwa na simu mfukoni yenye ushahidi, akaona ni afadhali afukuzwe kuliko kumwaibisha mtu aliyekuwa anamwita mama. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nitawaambia pia jambo ambalo si zuri: kwa muda wa kama robo saa pale juu ya kichuguu, niliwaza kwamba ninaweza kuiondoa ile alama. Kubonyeza mara moja tu. Ukimtoa Bosko, hakuna mwingine aliyekuwa ameiona, na nilikuwa nimebakiza misimu michache kustaafu kwa jina safi.

Kisha nikakumbuka kitambaa na ubao. Nikashuka nikamwita Bosko, nikampa simu yangu.

"Nipige video."

"Mama, achana nayo. Mimi nitapata kibarua kwingine."

"Nipige video, Bosko, au nitampa mwenyekiti anipige, naye hajui kushika simu."

Nilisimama kando ya tangi na fimbo ya marehemu mkononi. Nilieleza kilichotokea tangu mwanzo, nikaonyesha ule ujumbe na ile alama, nikasema kahawa ya tangi hili haitakwenda kwa mnunuzi wetu na haitachanganywa na ya mtu. Nikamaliza kwa maneno niliyoyaandika kwa chaki nikiwa binti, ila jina lilibadilika: "Nimeharibu tangi la kwanza. Salome." Nikaiweka kwenye grupu na kwenye ukurasa, palepale penye wateja wa Bwana Faraji.

Mwenyekiti alikuja mbio na mabuti yake. "Mama Salome, unatuvua nguo sokoni."

"Nimevua yangu, mwenyekiti. Yenu bado mmevaa."

Asubuhi iliyofuata grupu lilikaa kimya. Hakuna shikamoo hata moja. Nilikuwa nimetamani ukimya huo miaka mingi, na ulipokuja nikawa nalifungua grupu kila dakika. Saa nne Bwana Faraji akapiga.

"Mama, shikamoo. Nimeiona."

"Marahaba, mwanangu. Najua umeiona."

"Ni tangi moja tu?"

"Moja. Ya la pili na la tatu ilioshwa kabla ya msiba, nimeikagua mwenyewe. Gunia lolote ukitilia shaka, rudisha."

"Wateja wamekasirika, sitakuficha. Wengine wameghairi. Lakini kuna mama mmoja ameniandikia kwamba ameuziwa vitu maisha yake yote na hajawahi kuona muuzaji akitangulia kusema kitu ni kibovu kabla yeye hajakionja. Niletee ya tangi la pili. Na yule kaka wa fimbo msimfukuze, nitauza nini bila yeye?"

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ileile. Mwaka huo Bwana Faraji alichukua mzigo pungufu. Wanachama kadhaa walipeleka kahawa yao kwingine, na mmoja mpaka leo akiniona sokoni hugeukia upande wa nyanya. Kahawa mbovu tuliiuza kwa jina lake, kahawa mbovu, kwa aliyeitaka hivyo. Mkutano mkuu ulinisema saa nzima, nami nikasikiliza saa nzima. Halafu mwanachama mmoja mzee, wa rika la Mzee Kinunda, akasimama akauliza swali lililomaliza kikao: "Msimu ujao, tangi likiharibika, tutaambiwa?" Nikasema mtaambiwa. Akasema basi yeye anabaki, akaketi. Msimu uliofuata walirudi wengi, na Bwana Faraji akarudi na mzigo wake wote.

Sheria yangu ya salamu niliifuta mwenyewe. Tukatenga magrupu mawili. Moja la kazi, ambamo Bosko huweka picha ya fimbo kila siku ya mavuno na kuandika shimo limekuwaje, na yeyote, mwanachama au mnunuzi, anaruhusiwa kuuliza. Jingine la salamu na rambirambi. Hilo la salamu lina watu kuliko ushirika wenyewe. Wamo hata watu wa Chiwanda, mpakani kule, ambao hawajawahi kumiliki mche mmoja wa kahawa, lakini wanapenda jinsi Wamatengo wanavyoulizana habari za mifugo. Na ile alama ya mikono siitumii tena. Nikikubali jambo naandika: nimekubali.

Wiki mbili baada ya kustaafu, jirani yetu mmoja mwanachama alifariki. Nilifungua grupu la kazi kwa mazoea, nikakuta ujumbe mmoja: "Poleni wafiwa. Nipo matangini. Shimo limebaki wazi, tunaosha. Bosko." Nilikaa nikausoma mara tatu kwa furaha.

Jumapili akaja kunisalimia na kuniletea kamba mpya ya mbuzi. Tulikaa upande wa jua, nikamwambia kwa utani, kama wazee tunavyopenda kutania mambo haya, kwamba siku yangu ikifika hakika itakuwa katikati ya mavuno, kwa hiyo aangalie mtu abaki kituoni.

"Nitabaki mimi, mama."

Mnajua huku kwetu maana yake. Mtu asiyekwenda kumzika wa kwake atakumbushwa mpaka harusi za wajukuu.

"Wewe? Watu watakusema, Bosko."

"Watanisema." Alikuwa anafunga ile kamba, hakuinua uso. "Nitaandika ubaoni nilikuwa wapi na kwa nini, na jina langu chini."

Nililia palepale mbele yake, na mbuzi akatutazama.